BWANA MKUBWA AKIULIZA HABARI ZA NYUMBANI KWAKO

Ndugu wafanya kazi,

Katika mikutano ya chama liko neno linalorudi mara kwa mara, na kila likija watu hugawanyika. Neno lenyewe ni hili: je, ni haki msimamizi kumwuliza mfanya kazi mambo ya nyumbani kwake, akisema kwamba anamwonea huruma? Wenzangu wameniomba niliandike, ili kila mtu alisome polepole na kulipima mwenyewe kabla ya tawi kuamua.

Mnajua jinsi mambo yanavyokwenda. Meneja wa siku hizi si yule wa kutukana watu uwanjani. Hukuita ofisini, hukupa kiti, pengine na kikombe cha chai. Kisha huanza. "Naona umekonda. Mama watoto hajambo? Mnapatana? Lile deni la sacco umelipunguza? Pombe je? Na ile dawa unayomeza mchana ni ya nini?" Usiku anakuletea ujumbe kwa simu kuuliza kama umelala vyema. Ijumaa anakuambia kwamba Jumapili atapita Kangemi kukusalimu. Wewe hukumwalika.

Wako ndugu wanaosema kwamba hili ni jambo jema. Baba zetu walifanya kazi chini ya watu waliowajua kwa namba tu, na leo tumepata mtu anayejua kwamba mtoto wako ni mgonjwa. Wazee walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Wako na wengine wanaosema: mimi nimeuza nguvu zangu za saa nane, sikuuza nyumba yangu.

Mimi naona kwamba pande zote mbili zina neno, ila wamesahau kupima. Kipimo ni hiki. Je, naweza kumjibu, "Bwana, hilo ni la nyumbani kwangu," nisipoteze kitu? Kama naweza, basi ule ni wema wa mtu kwa mtu, na tushukuru. Kama siwezi, basi ile ni amri, hata ikitolewa kwa sauti ya upole.

TULIKOTOKA

Jambo hili si geni katika mji huu. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na mji ukakua kando ya stesheni. Baadaye wafanya kazi wengi wa reli waliwekwa katika landhi za Muthurwa, hatua chache kutoka kazini. Nyumba ilikuwa ya tajiri na kazi ilikuwa ya tajiri. Ukipoteza kazi, umepoteza na mahali pa kulala. Mtu anayekaa hivyo atamwambiaje tajiri wake kwamba mlango huu ni wangu?

Kisha kilikuwako kipande. Tangu mwisho wa vita vya kwanza vya dunia mwanamume Mwafrika katika Kenya alilazimishwa kukibeba, na wengi walikivaa shingoni katika kikopo cha bati. Humo tajiri aliandika kazi uliyofanya, mshahara wako, na siku aliyokuacha. Karatasi ile ilikutangulia kila ulikokwenda kuomba kazi. Wazee wetu walikipinga miaka mingi mpaka kikaondolewa mwishoni mwa miaka ya 1940. Basi tuangalie sana, kisirudi katika daftari la meneja kwa jina la "hali ya mfanya kazi".

Na wenzetu wa ng'ambo waliyaona hayo kabla yetu. Huko Marekani alikuwako tajiri mmoja, George Pullman, mtengenezaji wa mabehewa ya kulala ya gari moshi. Kuanzia mwaka 1880 alijenga mji mzima karibu na Chicago kwa ajili ya wafanya kazi wake, akauita kwa jina lake. Nyumba zilikuwa za matofali, zenye maji na gesi, nzuri kuliko nyumba za wafanya kazi wengi wa wakati ule. Lakini wafanya kazi hawakuruhusiwa kuzinunua. Mahali pa kunywea palikatazwa, na wakaguzi wa kampuni waliingia nyumbani kutazama usafi. Tajiri alijiona kuwa mfadhili wa watu wake, na kwamba atawafanya kuwa watu bora. Biashara ilipoanguka mwaka 1893 aliwakata mishahara, bali kodi ya nyumba hakuipunguza hata senti. Mwezi wa Mei 1894 waligoma, na watu wa reli wakagoma pamoja nao sehemu nyingi za nchi ile, mpaka serikali ikaleta askari. Mwaka 1898 mahakama kuu ya jimbo la Illinois iliamuru kampuni iuze nyumba zile.

Tazameni: upendo wa tajiri ulidumu kwa miaka iliyokuwa na faida. Biashara ilipokuwa mbaya, mfanya kazi hakuwa na karatasi yoyote ya kumdai upendo ule.

WEMA ULIONIPATA MIMI

Kabla sijaingia reli nilikuwa karani wa bohari katika nyumba moja ya biashara hapa mjini. Sitaitaja. Mtoto wangu wa pili aliugua, akalazwa wiki tatu. Meneja alikuja mpaka Kawangware na mfuko wa matunda na maziwa, akakaa chumbani kwetu, akaongea na mke wangu kwa heshima. Aliuliza mengi: ugonjwa ni gani, utarudi tena, gharama nalipaje, nani anatusaidia. Tulimjibu yote, maana mtu aliyekuletea maziwa humwambii nyamaza. Sina shaka kwamba siku ile alikuja kwa moyo safi.

Baada ya miezi sita ilitoka nafasi ya mkuu wa bohari. Nilikuwa mkubwa kwa miaka ya kazi, na hesabu zangu hazikuwa na doa. Nafasi akapewa mwingine. Nilipouliza sababu, meneja yule yule aliniambia kwa upole: "Tulikufikiria sana. Lakini tunajua mzigo ulio nao nyumbani, tukaona si vyema kukuongezea mwingine." Kwa huruma hiyo nilipoteza shilingi elfu nne kila mwezi, na mtoto alikuwa amepona zamani.

Hapo ndipo nilipoona ubaya wa jambo hili. Mtu mbaya anayekupeleleza unamjua, unajikinga. Lakini mtu mwema akijua mambo yako yote huanza kuamua kwa niaba yako. Anaamua kwamba umechoka, kwamba huwezi zamu ya usiku, kwamba safari ya Mombasa itakuletea taabu na mkeo. Hakuulizi, kwa sababu anaona amekwisha kujua. Nawe huna pa kukata rufani, maana hukushitakiwa kosa lolote. Umeonewa huruma tu.

KUNA MASWALI YA HAKI

Hata hivyo tusiwe watu wa kukataa kila swali. Sisi wa reli twajua. Gari moshi ikitoka stesheni kuu kuelekea Kikuyu hupita Kibera na Dagoretti, na pale Kibera watu hutembea juu ya reli kama barabara ya kijiji, wakiwamo akina mama na watoto wa shule. Dereva ambaye hakulala ni hatari kwao wote. Kwa hiyo macho ya dereva sharti yapimwe ajue rangi ya ishara, na mtu mwenye pombe kinywani asikaribie kichwa cha gari moshi wala mabehewa yanayopangwa. Msimamizi akiuliza, "Umelala? Waweza kazi ya leo?" ana haki, na sisi tuna wajibu wa kujibu kweli.

Lakini nikisema, "Sikulala, siwezi zamu hii," swali limekwisha. Akiendelea kuuliza, "Kwa nini hukulala? Mmegombana? Nani alikuwa kwako?" amekwisha kutoka kwenye reli na kuingia chumbani. Usalama wa abiria unataka kujua kwamba sikulala. Hautaki kujua sababu.

Na ugonjwa ni vivyo hivyo. Daktari ajue ugonjwa. Ofisi ijue kama naweza kazi au siwezi, na kwa siku ngapi.

SHERIA YASEMAJE

Ndugu wengi hawajui kwamba jambo hili limekwisha kuandikwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inamlinda kila mtu asidaiwe bila sababu habari za jamaa yake au mambo yake ya siri, wala zisitangazwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya, za ndoa, na za jamaa, hata majina ya watoto wako, kuwa habari nyeti za kutunzwa kwa uangalifu zaidi. Una haki kujua kilichoandikwa juu yako na kutaka uongo usahihishwe. Sheria ya Ukimwi ya 2006 inakataza kumlazimisha mtu apimwe ili apate kazi.

Sheria ya Kazi ya 2007 inampa mtu aliyemaliza miezi miwili kazini siku zisizopungua saba za ugonjwa kwa mshahara kamili, kisha saba kwa nusu mshahara, kila mwaka, akileta cheti cha mganga. Haisemi kwamba sharti kwanza ameneja amwonee huruma. Na kifungu cha 41 kinasema kwamba tajiri akitaka kumwachisha mtu kwa makosa, kwa kazi mbaya au kwa udhaifu wa mwili, amweleze kwa lugha anayoifahamu, na mtu huyo awe na mwenzake wa kazi au mwakilishi wa chama pale pale.

DADA ZETU

Lazima niseme neno juu ya wanawake, kwa kuwa kwao jambo hili lina makali zaidi. Msichana wa ofisini anayeulizwa kila siku kama bwana wake anamtunza hajui swali la kesho litakuwa lipi. Akicheka, amekaribisha. Akinuna, ana kiburi. Sheria ile ya 2007, kifungu cha 6, inakataza usumbufu wa namna hiyo, na mwajiri mwenye watu 20 au zaidi sharti aandike taratibu za kuuzuia. Dada, kama hujapata kuiona karatasi hiyo kazini kwako, mwulize mwakilishi wako.

Na wako wale wanaopanda matatu alfajiri kutoka Kawangware na Kangemi kwenda kufanya kazi za nyumbani Lavington, Kileleshwa na Kilimani, au wanaolala huko huko. Mama mwenye nyumba huwaambia, "Wewe ni kama mtoto wangu." Basi kama mtoto, atapekuliwa chumba, ataulizwa anampigia nani simu, atachaguliwa rafiki. Lakini mwisho wa mwezi akidai saa zake za ziada, utoto umekwisha, amekuwa mtumishi. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, umetaja waziwazi kwamba mtumishi anayelala kwa mwajiri aheshimiwe faragha yake. Ndugu, wengi wa hawa ni wake zetu na dada zetu. Tusidai heshima hii karakana tu.

TUNAYOTAKA

Naleta mambo haya mbele ya tawi, yajadiliwe, na yakikubaliwa yaingie katika makubaliano yetu na waajiri:

1. Ruhusa ya msiba na ya mtoto mgonjwa iandikwe kwa idadi ya siku, ili mtu aidai kwa haki, asiiombe kwa kueleza machozi yake.

2. Habari za ugonjwa zibaki kwa mganga. Ofisi ipewe karatasi ya anaweza au hawezi.

3. Meneja asije nyumbani kwa mfanya kazi asipoalikwa, wala asimtumie ujumbe usio wa kazi baada ya zamu.

4. Mtu akiitwa ofisini kuulizwa juu ya hali yake, aweze kuja na mwakilishi wa chama, na akikataa kujibu jambo la nyumbani asihesabiwe kosa.

5. Nafasi za kupanda cheo zitangazwe, na atakayekosa aelezwe sababu ya kazi.

Najua kwamba karatasi hii hufika mezani kwa mameneja pia, wala sisikitiki. Nanyi mabwana nawaambia kwa heshima: wengi wenu mna nia njema, na hatutaki mgeuke kuwa mawe. Tusalimieni. Mkisikia tuna msiba, toeni pole kama majirani. Lakini kama mwataka hasa kujua kwa nini uso wa mtu umenuna, tazameni kwanza ratiba ya zamu. Tazameni kama alipata siku yake moja ya mapumziko katika saba, kama likizo yake ya siku 21 imecheleweshwa tena, na kama mshahara ulifika tarehe yake. Hayo yamo mikononi mwenu, na hamhitaji kumwuliza mtu siri yoyote ili kuyatengeneza.

Na nyinyi ndugu zangu, msiogope kumjibu bwana mkubwa kwa adabu. Sema, "Ahsante kwa kuniuliza, bwana. Hilo tunalitengeneza nyumbani." Kisha urudi kazini. Ukiona baada ya jibu hilo mambo yako yameanza kwenda kombo, andika tarehe na maneno aliyosema, ulete kwa katibu wa tawi mapema. Mmoja akileta ni lalamiko. Wakileta ishirini, tutakuwa na la kuweka mezani.

Wenu katika umoja,

Mfanya kazi wa reli, Nairobi