Skripti Haina Sikio

Sisi wanafunzi tunaolinganisha Kiswahili na Kikamba cha Kitui na Makueni twahifadhi msamiati wetu katika faili za XML: kidahizo, maana, na mahali neno liliposikiwa. Skripti fupi ya Python hurekebisha maelfu ya vidahizo kwa dakika moja, na hapo ndipo hofu yangu ilipo.

Kikamba kina irabu saba, ilhali Kiswahili kina tano. Zile mbili za ziada huandikwa ĩ na ũ. Kumbukumbu zetu nyingine zilipigwa chapa bila alama hizo. Mwenzetu, kwa nia njema kabisa, aliamuru kila u igeuzwe kuwa ũ. Neno ũtukũ, yaani usiku, lililokuwa sahihi tangu awali, likawa ũtũkũ, na faili ya kale ikafutwa!

Kwa maoni yangu, skripti iruhusiwe kuongeza elementi ya pendekezo tu; ya awali isiguswe hadi msemaji aamue. Tena awe msemaji wa mahali palipotajwa, kwani matamshi ya Kitui hayalingani daima na ya Makueni.

Herufi tulizopoteza tungali tunazirudisha mojamoja kutoka madaftarini.