Mfano wa Gari la Kuwinda Vifaru

Juma hili nawaletea kazi ya mikono ambayo labda baba wa nyumba ataitazama kwa jicho la wasiwasi. Ni kuunda mfano mdogo wa gari la vita la Wajerumani. Nawasihi, msilifunge gazeti bado.

Watoto wetu ni mafundi hodari wa magari ya waya na makopo. Ukimwona mtoto akiliburuta gari lake njiani unajua mara moja kwamba ni lori. Lakini ukiuliza ni lori gani, hapo hapana jibu. Magurudumu ni vifuniko vya chupa, na dereva hayumo. Ni mchezo mwema, wala siulaumu. Ila iko kazi nyingine, ambayo watu wazima wa Ulaya, Marekani na Japani huifanya usiku baada ya chakula: kuunda gari dogo ambalo kila kipande chake kimepimwa, hata mtu aliyeliendesha lile kubwa akiliona aseme, "Ndilo lenyewe." Kazi hiyo inataka mikono myepesi, ndiyo, lakini zaidi inataka mtu asiyependa kujidanganya.

Gari nililolichagua linaitwa Jagdpanzer 38, na wengi hulijua kwa jina la Hetzer. Maana ya neno Jagdpanzer ni kifaru cha kuwinda. Si kifaru cha kawaida chenye kichwa kinachozunguka juu. Hili halina kichwa. Mzinga wake umechomoza mbele, katika bamba la chuma lililolala kinyume, na kazi yake ilikuwa kujificha vichakani au nyuma ya nyumba, kungojea vifaru vya adui vipite.

Habari yake ni hivi. Mwezi wa Novemba 1943 mabomu yaliangukia kiwanda cha Berlin kilichokuwa kikitengeneza magari mazito ya mizinga. Wajerumani wakataka kiwanda kimoja cha Prague, katika nchi ya Wacheki waliyokuwa wameikalia tangu 1939, kiichukue kazi ile. Lakini winchi za Prague hazikuweza kuinua gari zito namna hiyo. Basi wakachora gari jepesi zaidi, la tani 16 hivi. Na tazameni jambo hili: kitu cha kwanza walichokiunda kilikuwa mfano! Januari 1944 mafundi walikwisha kulisimamisha gari zima kwa mbao, ukubwa ule ule wa kweli, ili wakubwa waje walitazame kabla chuma hakijakatwa. Mwezi wa Aprili magari ya kwanza ya chuma yakatoka Prague, na Julai kiwanda cha Škoda mjini Plzeň nacho kikaanza. Mpaka vita vilipokwisha Mei 1945 yalikuwa yametoka zaidi ya 2,800.

Haya, sasa tushike rula. Kipimo kinachopendwa na mafundi wengi ni moja kwa thelathini na tano, yaani sentimita 35 za gari la kweli ni sentimita moja mezani kwako. Msidhani kwamba kipimo hiki kiliamriwa na mtaalamu mwenye hekima nyingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kiwanda cha Tamiya cha Japani kilitengeneza kifaru cha plastiki kinachokwenda kwa betri, na ukubwa wake ulichaguliwa ili betri zienee ndani. Dunia nzima ikafuata.

Gari letu lilikuwa na upana wa mita 2.63 na kimo cha mita 2.17. Gawa kwa 35, mtoto wa shule aliye karibu nawe akusaidie. Utapata upana wa sentimita saba na nusu, na kimo cha sentimita sita na kidogo. Wenzetu wa mbali hununua sanduku la vipande vya plastiki, wakavikata, wakavipiga msasa na kuviunganisha kwa gundi. Mimi nilitumia karatasi ngumu ya maboksi, wembe, na gundi ya unga wa muhogo niliyoipika mwenyewe.

Mara ya kwanza niliharibu. Gari hili lilizaliwa kutoka kwa kifaru cha zamani cha Wacheki, na nambari 38 katika jina lake ndiyo ya kifaru hicho. Basi mimi nikachukua vipimo vya sehemu ya chini ya kifaru kile, nikasema, jina moja, ukoo mmoja, upana utakuwa mmoja. La hasha! Mwana alimpita baba. Kazi ya usiku mwingi ilikuwa nyembamba kwa zaidi ya sentimita moja, na sentimita moja kwa mfano mdogo ni kosa la kuonekana mlangoni. Niliitia jikoni, ikapasha uji.

Mara ya pili nilikwenda polepole, nikafika kwenye unene wa chuma. Bamba la mbele lilikuwa na unene wa milimita 60. Kwa kipimo chetu ni karibu milimita mbili, na kwa kuwa limelala sana, risasi ya mzinga ilipaswa kupenya chuma kingi zaidi, au iteleze ipite juu. Vizuri. Sasa njoo ubavuni. Ubavu ulikuwa milimita 20 tu. Gawa kwa 35: ni nusu milimita na kidogo. Nilitafuta karatasi ya unene huo, nikaona ni kama kadi mbili zilizogandishwa pamoja. Tena kuna mabamba yaliyoning'inizwa nje kukinga sehemu ya juu ya minyororo, milimita tano. Hayo kwa kipimo chetu ni karatasi ya kuandikia barua, basi.

Mafundi wa plastiki wanalijua taabu hili. Plastiki ya kiwandani haiwezi kutoka nyembamba hivyo, kwa hiyo pembeni wanaikwangua kwa tupa mpaka inakaribia kupitisha mwanga. Aliye mvivu huiacha nene, na gari lake huonekana imara kuliko lilivyokuwa. Watu wengi hawatagundua. Lakini yeye anajua.

Baba mmoja aliyekuja ofisini kwa shughuli zake aliona kazi yangu mezani akaniuliza, "Mwalimu, na matrekta yote yaliyoko, umechagua kitu cha kuua watu?" Swali lake ni la haki. Sikumjibu kwa maneno. Nilimpa kipande cha ubavu, nikamwambia, "Hiki ndicho kilichokuwa kati yao na mzinga wa adui." Alikishika kwa vidole viwili, akakikunja kidogo, akakirudisha mezani pole pole.

Maana ndani walikaa watu wanne. Dereva mbele upande wa kushoto, mlenga shabaha nyuma yake, mpakia risasi nyuma ya huyo, wote watatu mstari mmoja kama watu wanaopita njia nyembamba shambani. Mkubwa wao alikaa peke yake nyuma upande wa kulia, na mzinga ulikuwa katikati yao. Mzinga wenyewe ulikuwa umetengenezwa kupakiwa kutoka kulia, lakini mpakiaji aliwekwa kushoto. Kila mara ilimbidi afanye kazi kwa mkono usio wake. Na upande wa kulia gari lilikuwa karibu kipofu. Mzinga nao uligeuka nyuzi chache tu, 5 kushoto na 11 kulia. Adui akitokea ubavuni, dereva hana budi kuligeuza gari zima.

Nikataka kuwaweka watu hao ndani. Mtu wa kimo cha kawaida kwa kipimo chetu ni sentimita tano. Nikafinyanga wanne kwa udongo, nikawakausha, nikawajaribu. Hawakuenea! Kifuniko hakikushuka. Basi nikafanya jambo ambalo naona haya kuliandika: niliwafinyanga wengine wanne wa sentimita nne, wakakaa vizuri mno, kifuniko kikashuka, na kazi ikapendeza. Nikaenda kulala. Usiku nikakumbuka kwamba nilikuwa nimelipima gari kwa uaminifu wote, kisha nikawapunja watu. Asubuhi nikawavunja. Wale wa sentimita tano niliwalowesha maji, nikawakunja magoti, nikawainamisha vichwa, nikawabana mabega. Hapo wakaenea. Na hapo ndipo nilipolifahamu gari hili, kuliko katika vipimo vyote vya karatasini.

Utasema, kwa nini taabu yote hiyo, si watu waende tu kulipima gari la kweli katika nyumba ya makumbusho? Huko nako kuna mtego. Baada ya vita Wacheki waliendelea kuyatengeneza, na nchi ya Uswisi ikanunua 158, ikayaita G-13. Yalipochakaa yaliuzwa kwa makumbusho na kwa wapenzi wa vitu vya kale, na mengi yamebadilishwa na kupakwa rangi upya yafanane na yale ya vita. Ndani ya G-13 mkubwa na mpakiaji walibadilishana nafasi. Kwa hiyo mtu aweza kusafiri mbali, akapima kwa bidii, akarudi nyumbani na vipimo sahihi vya gari ambalo halikuwako vitani hata siku moja.

Tena yale ya vita yenyewe hayakufanana. Gurudumu la nyuma linalokaza mnyororo lilikuwa na matundu 12 hapo mwanzo. Baadaye mafundi wakarahisisha kazi, yakawa 8, tena 6, tena 4. Na yale ya kwanza yalilemewa mbele kwa uzito wa mzinga na bamba, yakasimama yameinamisha pua. Fundi akiyaunda hivyo, wageni humwambia gari lako limepinda, hata wakajaribu kuliinua kwa kidole. Mimi nimekwisha kuwazuia wawili.

Ndiyo sababu mafundi wenye akili hawaundi "Hetzer" tu. Huchagua gari moja, la mahali pamoja, la siku moja. Langu ni la Warszawa. Watu wa mji huo waliondoka kupigana na Wajerumani tarehe 1 Agosti 1944, na kesho yake, karibu na jengo la posta katika kiwanja cha Napoleon, gari moja la namna hii lilisimamishwa kwa chupa za petroli. Wapiganaji wakalikamata, wakalitengeneza, wakalipa jina Chwat, maana yake kijana jasiri, wakalitia katika kizuizi cha barabara. Jengo la posta lilipobomolewa, vifusi vikalifunika. Baada ya vita lilifukuliwa likapelekwa makumbusho, lakini leo halipo tena. Zimebaki picha.

Basi kwa picha hizo ndipo ninapofanyia kazi. Rangi nimeweka manjano ya vumbi, madoa ya kijani na ya kahawia nyekundu, na moshi wa taa kidogo palipoungua. Jina nimeliandika kwa ncha ya mwiba. Pembeni nimerundika vijiwe vya mtoni badala ya vifusi, na kifuniko cha juu nimekiacha wazi. Wale wanne wa udongo nimewatoa, wamo katika kopo dirishani, magoti yao bado yamekunjwa. Siku ile hawakuwamo tena.