Kiota cha Njiani na Bomba la Mafuta



Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, imo amri fupi ambayo sisi wahubiri huipita bila kuigusa. Mtu akikuta kiota njiani, na mama ameyalalia mayai au makinda, anaruhusiwa kuyachukua makinda, lakini mama amwachie aende zake. Hakatazwi kula. Anakatazwa kuchukua kile kiwezacho kuzaa tena. Wiki hii tunapenda kuitafakari amri hiyo tukilitazama bomba la mafuta ghafi.

Bomba hilo limepangwa kutoka Hoima, nchini Uganda, hadi Chongoleani, Tanga: kilomita 1,443, na kati ya hizo 1,147 zimo Tanzania. Wabia wa mradi walipitisha uamuzi wa mwisho wa kuwekeza mwezi Februari 2022. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi, yakipoa huganda kama samli, ndiyo maana bomba lake ni la kupashwa joto na kufukiwa ardhini. Njia ya ujenzi ina upana wa mita 30. Zidisheni wenyewe, mtapata zaidi ya hekta 4,300, bila kuhesabu kambi na barabara. Na huko yanakotoka mafuta, baadhi ya visima vimo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Murchison Falls, iliyo kubwa kuliko zote nchini Uganda.

Wapo wanaosema mradi huu usingekuwepo kabisa, na hoja zao si nyepesi. Leo hatuingii katika shauri hilo. Tunasema tu kwamba hata aliyepewa ruhusa ya kuchukua analo la kuachia.

Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yataka tathmini ya athari ifanyike kabla ya mradi kuanza. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alisisitiza jambo hilo hilo, akataka na wenyeji wa mahali wawe na nafasi ya pekee mezani. Ni vema. Lakini kobe haokolewi na ripoti iliyo kabatini. Huokolewa, au hufa, mtaroni.

Mtaro ulioachwa wazi usiku mmoja ni mtego. Kobe huanguka, nyoka huanguka, digidigi huruka akakosa. Na kuta zikiwa zimesimama wima, hatoki mtu wala mnyama. Dawa yake si ya gharama kubwa: kuchimba vipande vifupi vifupi, kuacha vivuko visivyochimbwa ili wanyamapori na ng'ombe wapite, kuweka miteremko ya kupandia, na kumpa mtu kazi ya kuukagua mtaro kila alfajiri kabla mashine hazijawashwa. Mtu huyo mmoja, mwenye tochi na fimbo, twamthamini kuliko kurasa nyingi za ahadi.

Vivyo hivyo udongo. Ule wa juu, wa shubiri chache tu, ndimo zilimo mbegu za nyasi. Ukichanganywa na udongo wa chini, njia hubaki kovu. Ukitengwa pembeni na kurudishwa juu mahali pake, mvua zikinyesha nyasi huanza kurudi. Miti mikubwa hairuhusiwi kurudi juu ya bomba, kwa sababu ya mizizi yake. Kwa hiyo katika msitu hubaki ukanda mweupe, na kwa kiumbe asiyeshuka mtini ukanda huo ni sawa na mto usio na daraja.

Hata hivyo, linalotusumbua zaidi ni barabara. Mafundi wakiondoka, njia waliyoipasua porini haiondoki nao. Ndiyo apitayo mwindaji na mitego yake ya waya, ndiyo lipitalo lori la mkaa usiku. Hapo hatuwezi kumnyoshea kidole mgeni. Gunia la mkaa limo jikoni mwetu, hata jikoni mwa nyumba ya mapadre. Na nyama ya porini inayouzwa kwa kunong'ona hununuliwa pia na watu wanaopiga magoti siku ya Jumapili. Tumelisema, na litatuudhi sote.

Basi katika mikutano ya vijiji vilivyo kando ya bomba, ndugu zetu wanapodai fidia ya mashamba (nao waidai, ni haki yao), waulize na hili, na jibu liandikwe katika muhtasari: barabara ya kambi itafungwa mwezi gani, ataifunga nani, na ufunguo wa kizuizi utakaa mfukoni mwa nani?