Paka Hakuharibika, Amekua Tu

Kuna kisa kinachojirudia kila likizo ya Desemba inapomalizika. Familia iliyokwenda kumwona nyanya huko Ekerenyo au Nyansiongo, Nyamira, hurejea mjini na mkungu wa ndizi, kuku wawili na katoni iliyotobolewa matundu. Ndani ya katoni mna mtoto wa paka. Awe anapelekwa mtaa wa Nyanchwa mjini Kisii au Umoja jijini Nairobi, siku hiyo watoto hawalali. Kila mmoja anataka kumpakata.

Ifikapo Julai, wimbo huwa umebadilika. Yule aliyekuwa akikimbiza uzi na kusinzia mapajani sasa hulala mchana kutwa, hataki kubebwa, hutoka usiku na kurudi alfajiri na sikio lililoraruka. Kama ni jike, hulia usiku hadi majirani wakagonga ukuta. Hapo katoni hutafutwa upya, na paka akaenda kutupwa kwenye jaa la soko. Ukiuliza sababu, utaambiwa paka ameharibika.

La hasha! Paka huyo hakuharibika, amekua tu. Na mengi kati ya hayo yanayomponza yaliamuliwa alipokuwa mchanga, na walioyaamua ni sisi tuliomlea.

Hebu tuanze mwanzo. Mtoto wa paka huzaliwa na uzani wa takriban gramu 100, macho yamefumba na masikio hayasikii. Macho hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14. Huwa ya buluu, kisha akikaribia wiki ya 7 huanza kupata rangi yake ya kudumu. Katika wiki ya 3 hutembea kwa kuyumbayumba, na katika ya 4 huanza kuonja chakula kigumu. Meno yake ya utotoni ni 26. Kati ya miezi 4 na 6 hung'oka na kupisha meno 30 ya ukubwani. Usishangae basi ukiokota kijino sakafuni, wala usimpige anapotafuna kiatu chako. Fizi zinamwasha.

Lakini mabadiliko makubwa zaidi hayaonekani kwa macho. Katika miaka ya 1980, mtafiti Eileen Karsh wa Chuo Kikuu cha Temple, mjini Philadelphia, Marekani, alionyesha kuwa mtoto wa paka anayeshikwashikwa na watu angali mdogo sana hukua akiwa mpole kwa binadamu. Wakati bora wa kumzoesha ni kati ya wiki ya 2 na ya 7. Aliyekulia chini ya ghala bila kuguswa na mtu, kisha akafikishwa kwako akiwa na miezi mitatu, huenda asikuzoee vizuri maishani mwake. Kumbe malezi yake huanzia kule kwa nyanya, kabla ya safari ya matatu.

Na je, panya? Wengi wetu humchukua paka kwa sababu hiyo, hasa Kisii na Nyamira ambako mahindi huwekwa nyumbani baada ya mavuno. Mwaka 1930, mtaalamu wa Kichina, Zing-Yang Kuo, alichapisha matokeo ya jaribio linalofaa kukumbukwa. Kati ya watoto 21 wa paka waliolelewa wakimtazama mama yao akiua panya, 18 walikuja kuwa wauaji wa panya. Kati ya 20 waliolelewa peke yao, walioua ni 9. Kati ya 18 waliolelewa pamoja na panya tangu utotoni, walioua ni 3 tu! Waama, samaki mkunje angali mbichi. Anayemnyakua mtoto wa paka akiwa na wiki nne humkatiza masomo. Mwache kwa mama yake hadi afikishe angalau wiki 8.

Chakula nacho hubadilika. Mtoto wa paka ana uwezo wa kusaga sukari iliyomo katika maziwa, lakini uwezo huo hupungua anapoachishwa kunyonya. Ndiyo maana paka mkubwa aliyewekewa sahani ya maziwa ya ng'ombe mara nyingi huharisha. Ugali mtupu nao ni hatari ya polepole. Paka anahitaji kiini kiitwacho taurini, kinachopatikana katika nyama na samaki. Watafiti wa Marekani walibainisha mwaka 1975 kuwa paka asiyekipata huharibika macho, na mwaka 1987 kuwa moyo wake pia hudhoofika. Dawa ya hilo haihitaji pesa nyingi. Chemsha omena bila chumvi, uwaponde pamoja na supu yao, kisha uchanganye na ugali kidogo. Usimwage ile supu, kwa maana taurini huyeyuka ndani yake.

Tukija kwenye makelele ya usiku, fahamu kuwa jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 tu, wakati wewe bado unamwita mtoto. Mimba huchukua takriban wiki 9. Paka mmoja wa Desemba anaweza kukuletea watoto wanne kabla ya Julai, na hao ndio wanaoishia majaani. Dume naye akikomaa huanza kuzurura, kupigana na kunyunyiza mkojo ukutani. Zungumza na daktari wa mifugo mapema, paka afungwe kizazi au ahasiwe kabla ya kufikisha miezi 5 au 6. Hulka hiyo ya kuzurura hupungua sana.

Akifikisha miezi 3, achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo kwa kawaida huletwa na mbwa, lakini paka pia huupata na kuueneza, na dalili zikishamtokea mtu ni nadra sana apone. Ulizia chanjo katika ofisi ya mifugo ya kaunti yako. Mtoto wako akiumwa au akiparurwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mfikishe hospitalini siku hiyo hiyo.

Je, utoto wa paka hupotea wote? Hapana. Mtazame paka mkubwa anavyokanda blanketi kwa miguu ya mbele kabla ya kulala. Ndivyo alivyokanda ziwa la mama yake akinyonya. Msikilize pia anavyolia nyau. Paka wakubwa hawalii hivyo sana wao kwa wao. Ni sauti ya mtoto kwa mama, naye amekuwekea wewe.

Basi, msomaji, kabla ya kuitafuta ile katoni, kumbuka kuwa anayekuita kwa sauti hiyo hajui kwamba amekuwa mkubwa machoni pako. Kwake yeye, mama bado ni wewe.