Programu ya wahami ijengwe upya hapa hapa, hata intaneti ikikatika

Katika makambi ya wahami wa vita huku mashariki mwa Congo, majina hayaandikwi tena kwenye daftari peke yake. Wanaohesabu watu wanapita hema kwa hema na simu mkononi. Wanauliza jina la baba, la mama, idadi ya watoto na kijiji walichokimbia, na programu iliyo ndani ya simu inatunza majibu yote. Siku ya ugawaji mama akifika na jina lake halionekani, anaambiwa kwamba mashini imekataa. Anarudi na gunia tupu.

Kwa hiyo programu hizo zinawahusu wahami kuliko mtu mwingine yeyote. Wanastahili kujua zinatengenezwa namna gani, na nani anaweza kuzitengeneza tena zikiharibika.

Mtu anayeandika programu haandiki kila kitu mwenyewe, kama vile fundi wa nyumba hafui misumari yake. Anachukua vipande ambavyo wengine wameandika tayari: kimoja cha kuchora ramani, kingine cha kupunguza uzito wa picha, kingine cha kutuma majibu kwenye ofisi. Wataalamu wa informatiki wanaviita maktaba. Fundi anaandika katika faili la mipangilio jina la kila maktaba, namba ya toleo lake, na ghala la kuichukulia. Akiamuru programu ijengwe, kompyuta inasoma faili hilo, inaingia kwenye intaneti, inaleta vipande na kuviunganisha. Kwa simu za Android kazi hiyo hufanywa mara nyingi na chombo kinachoitwa Gradle, na moja ya maghala makubwa linaitwa Maven Central. Tena kila maktaba inaweza kuhitaji maktaba zake yenyewe. Fundi anaomba tatu, zinakuja makumi.

Hapo ndipo penye tatizo. Programu nyingi za kuhesabia wahami zimetengenezwa ili zifanye kazi bila intaneti, kwa sababu kambini mtandao hautabiriki. Zikiisha kujengwa, maktaba zinakuwa ndani yake na simu haihitaji kuzitafuta tena. Lakini siku ambayo kosa linaonekana, au swali jipya linapaswa kuongezwa, lazima programu ijengwe upya. Siku hiyo kompyuta ya fundi inaenda tena kugonga mlango wa ghala lililo mbali.

Mlango huo unaweza kufungwa. Mwezi wa pili mwaka 2021 kampuni ya JFrog ilitangaza kwamba inafunga ghala lake la JCenter. Kwa miaka kadhaa jina la ghala hilo lilikuwa linajiandika lenyewe katika kila kazi mpya iliyoanzishwa ndani ya Android Studio. Mafundi duniani kote walilazimika kufungua tena mipangilio yao na kutafuta ghala lingine. Waliotumia maktaba ambazo wenyewe walikuwa wameziacha bila kuzihamisha walibaki na kazi ngumu. Hapakuwa na vita wala chuki. Mwenye duka alifunga duka.

Kabla ya hapo, tarehe 22 mwezi wa tatu mwaka 2016, mwandishi mmoja aitwaye Azer Koçulu aliondoa maktaba zake kwenye ghala la npm baada ya mvutano juu ya jina la moja kati yazo. Ndani yake kulikuwa na maktaba ndogo iitwayo left-pad, mistari 11 tu, ambayo kazi yake ni kuongeza herufi upande wa kushoto wa neno. Ujenzi wa programu nyingi, hata za kampuni kubwa, ulikwama mpaka npm ilipoirudisha saa chache baadaye.

Kwao tatizo lilikuwa la saa chache. Huku kwetu kuna mengine juu yake. Mwisho wa mwezi wa kwanza mwaka 2025, vita vilipoingia Goma, mji ulikosa umeme, maji na intaneti. Hata katika siku za utulivu, kijana anayejifunza informatiki ananunua mega kwa pesa yake, na ujenzi mmoja unaweza kuzimaliza kabla haujafika mwisho.

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Katika kazi hii methali hiyo haiwezi kufuatwa yote, kwa sababu hakuna anayeweza kuandika kila kitu peke yake. Kinachowezekana ni kutunza cha ndugu nyumbani, na njia ya kufanya hivyo inajulikana.

Kwanza, faili la mipangilio litaje toleo kamili la kila maktaba. Wapo wanaoweka alama ya kujumlisha mahali pa namba, maana yake kompyuta ilete toleo lolote jipya. Leo inajengeka, kesho inakataa, na hakuna aliyegusa kitu.

Pili, nakala za maktaba zote zitunzwe kwenye diski pamoja na programu yenyewe, na diski hiyo ibaki katika mji ambako kazi inafanyika. Jaribio lake ni rahisi: kata intaneti, kisha jenga. Gradle ina amri ya kujenga bila mtandao. Ikishindikana, kuna kipande kinachokosekana.

Tatu, kila nakala ihakikishwe kwa alama yake ya utambulisho, ili maktaba iliyobadilishwa isipite. Mwaka 2024 mhandisi Andres Freund aligundua kwamba katika maktaba ya xz mtu alikuwa amepachika mlango wa siri. Kilichomshtua ni kuchelewa kwa karibu nusu sekunde wakati wa kuingia kwenye kompyuta ya mbali. Ndani ya simu zinazobeba majina ya watu waliokimbia bunduki, mlango wa namna hiyo unaweza kugharimu maisha.

Wengine watasema kwamba nakala inayotunzwa inazeeka, na wana haki. Mwezi wa 12 mwaka 2021 maktaba ya Log4j ilikutwa na tundu kubwa, na kila aliyebaki na nakala ya zamani alibaki na tundu hilo. Ndiyo maana diski peke yake haitoshi. Inatakiwa orodha ya kila kilichomo, na mtu anayelipwa kwa kuifuatilia na kubadilisha toleo linapokuwa na hatari.

Hapa mashirika ndiyo yanapaswa kujibu. Mara nyingi mkataba wa programu unaisha siku programu inapoanza kufanya kazi. Aliyeitengeneza anaondoka, na diski yake inaondoka naye. Mashirika yaandike katika mkataba kwamba yatapokea programu, orodha ya maktaba, nakala zake, na vijana wawili au watatu wa hapa waliokwisha kuijenga wenyewe bila intaneti. Hata programu zilizo wazi kwa wote kama ODK haziondoi sharti hilo, kwa sababu anayetaka kuibadilisha anahitaji pia maktaba zake.

Kamati za wahami nazo zisiogope jambo hili kwa sababu ni la kompyuta. Wanapokuja watu wa shirika na simu mpya, rais wa kambi anaweza kusimama na kuuliza maswali mawili: hii ikiharibika, nani hapa mjini anaweza kuijenga upya? Na vipande vyake viko wapi? Jibu likiwa ni jina la ofisi ya nchi nyingine, kamati iombe listi ya karatasi ya majina yote na kuitunza vizuri, mpaka jibu lingine lipatikane.