Nani Atatutengenezea Pikipiki?

Wanafunzi wenzangu, nanyi mliotutangulia katika shule hii,

Muhula uliopita tulikuwa na mdahalo, na hoja ilikuwa kwamba yafaa Uganda iwe na kiwanda chake cha pikipiki nyepesi za njia mbovu. Waliokubali walishinda kwa makofi mengi. Mimi nilikuwa miongoni mwa wachache waliopinga, na kwa kuwa dakika tatu za msemaji hazitoshi hata kusafisha koo, nimemwomba Mhariri anipe nafasi nieleze sababu zangu. Sikatai kwamba pikipiki hizo twazihitaji. Ninalokataa ni kuezeka nyumba kabla ya kusimamisha nguzo.

Kwanza tukubaliane ni pikipiki ya namna gani. Sisi ambao kwetu ni Nakivale twaijua njia. Lami ya barabara ya Kikagati hukuchukua vizuri kutoka Mbarara mpaka ndani ya Isingiro. Ukiiacha kuelekea ziwani ndipo safari inapoanza. Mvua ikinyesha udongo huwa kama sabuni, na wakati wa kiangazi vumbi hufunika mashimo usiyaone. Katika njia hiyo dereva wa boda humchukua mama na mtoto mgongoni, au mikungu minne ya matoke, au magunia ya mkaa, au mgonjwa aliyebanwa katikati na ndugu yake asije akaanguka. Makazi yale yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya watu waliotoka Rwanda, na leo wamo zaidi ya watu laki moja, Wakongomani, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wengineo, na kila mmoja wao ana mahali anapotaka kufika. Motokaa ni chache. Kazi ni ya pikipiki.

Basi pikipiki ifaayo ni ile iliyo nyepesi, hata ikianguka matopeni mtu mmoja aweze kuiinua. Iliyo na injini juu ya mawe, shokapu ndefu, na gurudumu kubwa mbele lisilotumbukia kila shimo. Yamaha DT 125 na Honda XL, ambazo wazee wetu walizizoea kwa mapadre na mabwana shamba, zilikuwa na gurudumu la mbele la inchi 21. Boxer ya Bajaj, ambayo ndiyo iliyojaa katika steji zetu, ina magurudumu ya inchi 17, na umbo lake ni la pikipiki ya barabara nzuri. Hata hivyo yafanya kazi ya zile nyingine, na tena kwa mzigo ambao hao mabwana shamba hawakuufikiria.

Jambo la kuchekesha ni kwamba matajiri wa Ulaya nao wanaitafuta pikipiki hiyo hiyo, ila wao waitaka kwa kutembelea. Wana mashini kubwa za safari kama BMW R 1250 GS, ambayo hukaribia kilo 250, na mtu akianguka nayo peke yake jangwani hukaa kando yake akingoja msaada. Kwa hiyo mafundi wadogo wa huko wamejaribu mara nyingi kuunda iliyo nyepesi. CCM, kiwanda kidogo cha Bolton katika Uingereza, kilitoa GP450 mwaka 2014, nayo bila mafuta haikufika kilo 130. Ilisifiwa sana, lakini haikukaa miaka mingi sokoni. Gas Gas ya Hispania, iliyoanzishwa mwaka 1985, ilianguka kwa madeni mwaka 2015, ikanunuliwa, na mwaka 2019 ikaingia mikononi mwa KTM ya Austria. Na KTM yenyewe, jina kubwa kuliko yote katika pikipiki za porini, mwezi wa Novemba 2024 ilikwenda mahakamani kuomba kinga kwa ajili ya madeni. Mwaka 2025 nani aliyeiokoa? Ni Bajaj ya India. Yaani mwenye Boxer, tunayoidharau kwa sababu ni ya boda, ndiye aliyekwenda kuwatoa shimoni mabingwa wa Ulaya. Siwezi kusema ni nauli ngapi za Mbarara zilizomo katika fedha hizo, lakini zimo.

Tusidhani mambo haya ni ya Wazungu tu. Mwaka 2017 katika Nairobi ilitokea pikipiki iitwayo Kibo K150, na wazo lake lilikuwa lile lile la mdahalo wetu: fremu imara ya mabomba ya chuma, iliyofikiriwa tangu mwanzo kwa njia mbovu na mizigo mizito ya Afrika. Naisifu. Lakini bei yake ilikuwa zaidi ya mara mbili ya bei ya Boxer, na dereva wa steji hanunui pikipiki kwa kuitazama fremu. Anahesabu siku atakazofanya kazi mpaka deni liishe. Mobius nayo, ambayo iliunda motokaa za bei nafuu kwa barabara za Kenya, ilitangaza mwezi wa Agosti 2024 kwamba inafunga milango, ingawa baadaye kidogo alitokea mnunuzi. Wapo wanaounda pikipiki za umeme, kama Zembo katika Kampala na Roam katika Nairobi. Nawatakia heri, nami ningependa kufanya kazi kwao. Lakini pikipiki ya umeme huenda hadi pale inapopata betri ya kubadilisha, na kazi hiyo imeanzia mijini.

Waliokubali hoja walisema Boxer imetawala kwa kuwa ni rahisi. Ni kweli nusu. Siku hizi Boxer mpya hupita shilingi milioni 5, na kwa kijana wa Isingiro hiyo si bei rahisi hata kidogo. Imetawala kwa sababu ikiharibika Rubondo au Juru, utapata kebo yake na bleki zake katika duka liuzalo chumvi na sabuni, na makanika wa chini ya mti aweza kuifungua injini akiwa anazungumza na wewe habari za mpira. Tena zipo kampuni, kama Tugende iliyoanza Kampala mwaka 2012, ambazo humpa dereva pikipiki naye akalipa kidogo kidogo hata iwe yake. Mtu anaponunua Boxer ananunua duka, makanika na mkopo pamoja. Kiwanda kidogo kikija na pikipiki iliyo bora mara mbili, lakini hakina duka wala makanika wala mkopo, kimekuja mikono mitupu.

Sasa niseme ninalolitaka. Katika Mbarara wamo watengenezaji wadogo tayari, ila hatuwaiti hivyo. Ni wachomeleaji. Boxer ikitoka dukani haiendi Nakivale kama ilivyo. Kwanza hupelekwa kwao: hufungwa keria ya chuma kwa nyuma, huwekewa vyuma vya kukinga miguu na injini, stendi huongezwa kitako kipana isizame udongoni, na mkono wa gurudumu la nyuma huongezewa bamba ili usipinde kwa mzigo. Shokapu hubadilishwa. Kiti hushonwa upya. Ukihesabu, utaona sehemu kubwa ya yale ambayo mteja wa Ulaya huyalipia fedha nyingi yanafanywa hapa kando ya barabara, na fundi aliyevaa miwani ya jua badala ya kinga ya macho.

Lakini sitaki kuwasifu wakalewa sifa. Kazi yao ina kasoro, nayo naijua kwa kuwa imetugusa nyumbani. Kaka yangu mkubwa alinunua pikipiki kwa mkopo wa mfanyabiashara mmoja, na karo yangu hutoka katika pikipiki hiyo. Fundi alimchomelea bamba katika mkono wa nyuma kwa chuma kilichobaki katika ujenzi wa geti. Chuma kile kilikuwa kinene, na bomba la pikipiki ni jembamba. Moto uliotosha kimoja ulikula kingine. Miezi miwili baadaye, akiwa na magunia mawili ya mahindi, bomba lilikatika pembeni mwa ule mshono. Hakuumia, Mungu asifiwe. Lakini alikaa wiki tatu bila kazi, na mwenye mkopo hakukaa hata siku tatu bila kupiga simu. Mimi nilirudi shuleni nikiwa nimechelewa, na wenzangu wa darasa wanajua.

Fundi yule hakuwa mvivu wala mwizi. Alikosa kipimo. Hana mchoro, kila pikipiki huipima kwa jicho, na keria mbili zilizotoka kwake siku moja hazifanani. Hana chuma cha kuchagua, maana mteja mmoja mmoja hawezi kumpa fedha za kununua bomba zima. Na kazi yake ikivunjika hapati habari. Mteja hukasirika akaenda kwa mwingine, na fundi huendelea kuchomelea vile vile akidhani wote wamefurahi.

Hilo la mwisho naliona kubwa kuliko yote. Bultaco ya Barcelona ilikuwa kiwanda kidogo, kilichoanza mwaka 1958. Mwishoni mwa mwaka 1964 kilimchukua mwendeshaji Sammy Miller, mzaliwa wa Belfast, akakaa na mafundi wakibadilisha pikipiki na kuijaribu milimani, kisha wakibadilisha tena. Matokeo yake yalikuwa Sherpa T, nyepesi kabisa, na mwaka 1965 Miller aliishinda nayo mashindano ya siku sita ya Scotland, ambayo mashini nzito za Waingereza ziliyazoea kama mali yao. Mwendeshaji na mchomeleaji walikuwa wakisemezana, basi.

Na kama Barcelona ni mbali, tutazame Kivu ya Kaskazini. Wakongomani wa shule hii mtanicheka kwa kulieleza, lakini wengine hawajaliona chukudu: baiskeli ya mbao isiyo na pedali, yenye magurudumu ya mbao yaliyovikwa mpira wa tairi kuukuu, ambayo hubeba mamia ya kilo za viazi na mkaa katika miteremko ya Goma. Katika Goma imejengewa hata sanamu. Seremala na msukumaji wanajuana kwa majina; ikivunjika leo, kesho seremala anajua imevunjikia wapi.

Mwenzangu mmoja ameniambia kwamba keria si pikipiki, na kwamba kwa mwendo huo hatutafika. Namjibu kwa mifano miwili. Soichiro Honda alianza mwaka 1946 kwa kufunga injini ndogo, zilizobaki za mitambo ya redio ya jeshi, katika baiskeli za kawaida. Na boda-boda yenyewe, iliyozaliwa mpakani Busia miaka ya 1960, ilianza fundi aliposhona mto na kuufunga juu ya keria ya baiskeli. Biashara yote hii tunayoiona, na steji zote hizi, chanzo chake ni mto.

Kwa hiyo naomba jambo ambalo laweza kufanywa kabla ya mwaka kwisha. Wanafunzi wa zamani, wengi wenu mna kazi katika zahanati, parokia, vyama vya akiba na ofisi za wilaya, na kila mwaka ofisi hizo hununua pikipiki. Mnaponunua, msimwachie kila dereva ajitafutie fundi. Agizeni keria 20 za namna moja kwa karakana moja ya Mbarara, kwa mchoro mmoja, na mtangulize fedha za chuma. Anayechukua oda apige muhuri wa jina lake juu ya kila keria, na ikikatika irudishwe kwake ili aone palipokatika. Mchoro tuachieni sisi: tunao wenzetu wanaofanya michoro ya ufundi kwa mtihani, nao huchora kila muhula kabari na bolti zisizotumiwa na mtu yeyote. Waende wakapime mkono wa nyuma wa Boxer, wahesabu uzito wa mikungu minne, wakae na mchomeleaji wamwulize kwa nini anafanya anavyofanya. Nadhani watafundishwa kuliko watakavyofundisha.

Keria zile zikimaliza mwaka mmoja wa mvua bila kukatika, waagizwe mkono wa nyuma. Kisha foku ya mbele na gurudumu la inchi 21, ambavyo ni vigumu zaidi, maana hapo pikipiki nzima hubadilika mwendo wake na mtu aweza kuumia. Injini tuwaachie Wahindi kwa sasa. Wanaijua, na spea zake zimefika mpaka ziwani.

Kaka yangu amekubali kuitoa pikipiki yake ijaribiwe kwa keria ya kwanza, ila iwe siku ya Jumapili mchana, kwa kuwa siku nyingine ina kazi, na petroli itiwe na mwenye kujaribu.

Mwanafunzi wa S.6, Nyamitanga