Muulize anayeshika mashine

Wiki iliyopita mama mmoja alinitumia ujumbe wa sauti saa tano usiku. Binti yake ana miaka 19, anasoma Marekani na anaishi kwa mama yake mdogo. Ana sonona. Amebadilishiwa dawa mara mbili, bado chakula hakipiti, bado kutoka kitandani ni vita. Sasa daktari amependekeza tiba ya sumaku kichwani. "Dada, wanataka kumpiga mwanangu shoti?"

Hapana, mama. Shoti unayoifikiria ni tiba nyingine, ile mgonjwa huchomwa nusu kaputi kwanza. Hii anakaa kwenye kiti akiwa macho, amezibwa masikio kwa sababu mashine inagonga kwa sauti, na koili inawekwa juu ya kichwa. Sumaku inawaka na kuzima upesi upesi na kuamsha umeme mdogo kwenye ubongo. Anthony Barker na wenzake walionyesha jambo hili Sheffield, Uingereza, mwaka 1985. Marekani iliiruhusu kwa sonona ya watu wazima mwaka 2008, na mwaka 2024 mashine mojawapo ikaruhusiwa kwa vijana wa miaka 15 hadi 21, pamoja na matibabu mengine. Mara nyingi ni siku tano kwa wiki, kwa wiki sita hivi. Wapo wanaopata nafuu kubwa, wapo wasiopata.

Mimi nisingehangaika sana na mashine. Ningemuuliza anayeishika.

Siku ya kwanza ndiyo inayoamua mengi. Mhudumu husogeza koili polepole akitafuta sehemu ya ubongo inayoendesha kidole gumba. Akiipata, gumba linaruka lenyewe. Kisha anapunguza nguvu mpaka libaki likiruka takriban mara tano katika mapigo kumi. Hicho ndicho kipimo cha kichwa cha binti yako, si cha mtu mwingine, na nguvu ya tiba hupangwa kutokana nacho. Halafu koili inahamishwa mbele, upande wa kushoto. Akikosea kwa sentimita kadhaa, msichana atakaa pale wiki sita akigongwa mahali pasipohusika, na nyumbani mtasema tiba imeshindwa.

Ujuzi huu haupatikani kwa kusoma kijitabu cha mashine. Vyuo kama Harvard vimeendesha kozi za siku chache kwa madaktari na wauguzi. Siku chache zinafungua mlango tu. Baada ya hapo mtu anatakiwa atafute hilo gumba kwa wagonjwa wengi, huku mzoefu amesimama pembeni yake. Na jambo ambalo wazazi hawalijui: mara nyingi daktari hupima siku ya kwanza, kisha siku zinazofuata binti anabaki na fundi. Huyo fundi naye kafundishwa na nani?

Muulize pia afanyeje akipata degedege. Hutokea kwa nadra sana, chini ya mmoja katika wagonjwa elfu, lakini mhudumu asiyeweza kukujibu papo hapo hajafundishwa. Mwenye mafunzo atamuuliza binti kabla hajamgusa: una chuma kichwani, au kifaa cha kusikia kilichopandikizwa? Umewahi kuanguka kifafa? Na kila siku: umelala? Umekunywa pombe? Umebadilishiwa dawa? Dawa ikibadilika, kipimo cha gumba kinaweza kuhitaji kurudiwa. (Asiache dawa kwa sababu ya sumaku mpaka daktari aseme.)

Kitu kimoja hakisubiri wiki sita: binti akianza kusema anataka kufa, apelekwe hospitali usiku huohuo.

Nilimrudishia mama haya yote kwa sauti, dakika tisa nzima. Asubuhi akaniandikia kwamba mdogo wake ameomba ruhusa kazini Jumatatu, aingie na binti kwenye kile chumba. Nikamwambia amkumbushe kubeba daftari.